Ukiishi Miaka 1,000: Tuuulize Mbuyu

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu chama chetu kilikuwa na mjadala ambao nusura uvunje kikao. Hoja yenyewe ilikuwa hivi: "Lau binadamu angeishi miaka 1,000, angekuwa na raha zaidi." Waungaji mkono walishinda kwa kura, hasa kwa kuwa msemaji wao alidai angepata muda wa kurudia mtihani wa hesabu mpaka aupasi. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani na sikuridhika hata kidogo, ndio maana nikashika kalamu. Wala sitazunguka mbuyu. Ama tuseme nitauzunguka, lakini kwa miguu, kwani kila siku ya shule napita chini ya mmoja asubuhi na jioni.

Binadamu hawezi kutujibu swali hili. Aliyeishi zaidi ya wote kwa ushahidi wa vyeti ni Bi. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Wanyama nao? Mnamjua yule kobe aitwaye Mzee wa Haller Park, Mombasa, aliyefanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini hapa Malindi Desemba 2004. Mzee alikadiriwa wakati huo kuwa na miaka kama 130. Mbele ya mbuyu, huyo ni mtoto wa chekechea. Mbuyu mmoja wa Zimbabwe uliopewa jina Panke ulipimwa ukaonekana uliishi miaka ipatayo 2,450.

Mtauliza, umri huo hujulikanaje? Mfaransa Michel Adanson, ambaye jina la kisayansi la mbuyu, Adansonia, limetokana na lake, alifika Senegali mwaka 1749 akakuta majina ya mabaharia yamechongwa kwenye maganda ya mibuyu. Akapiga hesabu zake, akasema kuna mibuyu yenye zaidi ya miaka 5,000. Alizidisha chumvi. Miti mingine ukiikata unahesabu duara za shina, moja kwa kila mwaka, lakini za mbuyu ni hafifu, na mbuyu mkubwa aghalabu una pango ndani. Hata kamba haisaidii sana. Shina lake ni kama sponji: kiangazi kikizidi hunywea, mvua ikija hufura. (Mimi na kaka yangu tuliwahi kupima wetu kwa kamba ya mbuzi. Kamba haikutosha.) Siku hizi wataalamu huchukua vipande vidogo vya mti na kupima aina ya kaboni ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka kama 5,730.

Haya, tujifanye mbuyu uliochipuka miaka 1,000 iliyopita. Twiga wa Malindi alipofika China mwaka 1415, una karibu miaka 400. Vasco da Gama anatia nanga Malindi 1498, wewe upo. Watu wa Gede wanauhama mji wao katika karne ya 17, wewe huhami. Mekatilili wa Menza anawaapisha Wagiriama 1913, na wewe bado umesimama palepale. Hapo ndipo wenzangu wa mjadala walipokosea. Walidhani miaka 1,000 ni safari ndefu, kumbe ni kuona wengine wakisafiri.

Tena fikirini misiba. Tukihesabu miaka 25 kwa kizazi, miaka 1,000 ni vizazi 40. Babu yangu huwataja wazee wake mmoja baada ya mwingine mpaka wa sita, kisha hunyamaza. Wewe ungewazika wote 40. Na je, ungewakumbuka? Babu ya utotoni anayo yote, ila miwani yake hajui ameiweka wapi.

Ajabu nyingine ni ua. Mti wa miaka mia kwa mia hutoa ua linalofunguka magharibi, popo hulizuru usiku, na kesho yake limenyauka. Mimi huyakuta chini nikienda shule, yananuka vibaya kweli.

Wala msidhani uhai mrefu ni kinga. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi waliyoijua Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeporomoka ndani ya miaka 12 tu. Walishuku mabadiliko ya hali ya hewa. Hapa Kilifi hatukungoja hali ya hewa. Mwaka 2022 walikuja watu kununua mibuyu. Si mabuyu jamani, mibuyu yenyewe, ing'olewe na mizizi ikapandwe bustanini huko Georgia, kando ya Bahari Nyeusi. Mashine zikachimba. Kelele zilipozidi, Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza uchunguzwe kama idhini ilikuwa halali.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Jirani yetu aliuza wake. Baba mdogo akaja kumsihi babu naye auze, kwani kaka yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na paa la jikoni lilikuwa likivuja.

"Mti huu niliukuta," babu akasema, "na baba yangu aliukuta. Nitauzaje kitu nilichokikuta?"

"Baba, mti hauli wala hausomi. Watoto wanakula na wanasoma."

Babu hakuuza. Kaka alikaa nyumbani muhula mzima. Jirani aliezeka mabati, na mimi simlaumu hata leo. Nikipita chini ya mbuyu wetu huwa nawaza kwamba ulinusurika kwa neno la mzee mmoja, jioni moja, na angeweza kusema jingine.

Shimo la jirani sasa hujaa maji wakati wa masika, bata wakaogelea. Ukingoni umeota mche wa mbuyu. Wengi hawautambui, kwa sababu majani ya mbuyu mchanga hayajagawanyika kama vidole, na mbuzi wetu ameshautafuna mara mbili. Babu ameomba ruhusa kwa jirani akauzungushia miiba. Anajua hatauona ukizaa. Nilimuuliza, "Babu, kwa nini basi unajisumbua?" Hakunijibu. Alinituma nikaongeze miiba upande wa njia ya mbuzi.