SOMO LA WIKI: Deni Lililofichwa Ndani ya Gari la Spoti

Somo la wiki hii linawahusu wasomaji wanaonunua magari ya spoti yaliyotumika, kwa matumizi yao wenyewe au kwa kuyauza tena. Mfano wetu ni Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20, gari lililoingia sokoni Japani mwaka 1992. Ushindi wa Impreza katika Safari Rally nchini Kenya miaka ya 1997 na 2000 uliipa jina kubwa Afrika Mashariki, na jina hilo nalo lina bei yake.

Hata hivyo, mnunuzi halipii jina na kasi tu. Mara nyingi hurithi pia deni la matengenezo ambalo halikuandikwa kwenye kadi ya gari. Kubwa ni mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hii hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na gharama ya mkanda hugeuka gharama ya injini.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mkanda, roli zake, pampu ya maji na ujira wa fundi ni shilingi 900,000. Gari limetembea kilomita 90,000 na mkanda haujaguswa. Sehemu 9 kati ya 10, yaani shilingi 810,000, ameshazitumia muuzaji. Kiasi hicho kiombee punguzo. Asiye na risiti ya mkanda mhesabie kuwa hakuubadilisha.

Kazi hiyo mwachie fundi anayeijua injini hii, kwani alama za taimingi zikipishana injini inaweza kuharibika siku hiyohiyo. Zifuatazo unaweza kuzifanya mwenyewe.

Kwanza, oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Tabo hulainishwa na oili hiyohiyo ya injini. Ikipungua, tabo na beringi huumia. Usingoje taa ya dashibodi. Pima kila unapojaza petroli. Kubadilisha oili na filta kunahitaji spana, beseni, jeki na stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pili, mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishakuwa na maji huchemka mapema breki zinapopata moto, hasa mteremkoni. Kagua kiwango chake kila mwezi, na yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2.

Tatu, tairi. Tafuta ubavuni tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene peke yake haithibitishi kuwa tairi ni jipya. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Mwisho, fungua daftari la gari. Andika tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika, na ubandike risiti. Siku ya kuuza, mnunuzi aliyesoma somo hili atataka kukukata zile shilingi 810,000. Daftari ndilo litakalomjibu.