Unakaa jirani na dampo? Hii inakuhusu

Hebu fikiria. Mmetoka shule, mnatembea kuelekea kwenu Buhongwa, upande ule liliko dampo la Jiji la Mwanza. Upepo unageuka, harufu inawapiga. Mwenzako mmoja anaziba pua na kucheka: "Nyie watoto wa dampo mmezoea!" Na wewe unacheka. Lakini usiku usingizi hauji.

Je, hayo yamekukuta? Nzi, kuhara na kikohozi cha moshi tunavijua. Akili inavyoguswa hatusemi sana. Harufu usiyoweza kuikimbia huufanya mwili ukae macho kama kuna hatari: moyo hudunda, misuli hukaza, usingizi hupungua. Ikiwa siku moja, hupita. Ikiwa kila siku, unapandwa na hasira, kichwa kinauma, unasoma na hakiingii kitu. Wengine huacha hata kualika wenzao nyumbani. Huo siyo uvivu, wala hujalogwa (maana kwetu hilo halikawii kusemwa).

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kujiona huna la kufanya. Taka zile zimetoka mji mzima, pamoja na kwao yule aliyekucheka. Sasa aibu iwe yako kwa nini?

Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi na harufu ya jalala la Jiji. Mwaka 1988 waliishtaki Halmashauri Mahakama Kuu, wakashinda. Mwaka 1991 Jiji liliomba liongezewe muda wa kumwaga taka. Mahakama ikakataa: kuhatarisha afya za watu ni kuvunja haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba.

Wewe hujaambiwa uende mahakamani, madaftari yanakungoja! Anza na mtu mmoja unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa malezi. Huna wa kumwambia? Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ukiona huna hamu hata ya kuishi, usingoje kesho. Mwambie mtu mzima akupeleke hospitali. Bugando wapo wataalamu wa afya ya akili. Halafu klabu yenu ya afya imwandikie mtendaji wa kata, mkiwa wengi.

Na wewe uliyeziba pua? Jumamosi nenda kwao, ukanywe chai.