SOMO: AFYA YA NGOZI HUANZIA KIBANJANI



Mkulima hodari huujua ugonjwa wa mgomba kwa kutazama majani. Mwili nao hutangaza upungufu wake kwa njia ya ngozi. Somo hili lawahusu wanachama wote, na hasa wa Izimbya na vijiji jirani, ambako tangu zamani mlo mkuu ni ndizi kwa maharage.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba, kisha ukaenea katika Mkoa wa Kagera. Kaya zilizopoteza migomba zililazimika kutegemea zaidi mahindi na muhogo. Ugali si chakula kibaya, lakini ugali mtupu hautoshi. Mahindi yana vitamini iitwayo naiasini, ila imefungamana ndani ya punje hata mwili hauipati ya kutosha. Akosaye vitamini hiyo kwa muda mrefu hupatwa na pelagra: ngozi ipigwayo na jua, ya mikono, shingo na miguu, huwa nyeusi, hukakamaa na kubanduka. Kisha hufuata kuharisha na kuvurugika akili, na asiyetibiwa aweza kufa.

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula, uliotegemea mahindi.

Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Ugali uliwe pamoja na maharage, karanga au njugu mawe. Maharage ya kula nyumbani yatengwe kabla ya kuuza.

2. Mchicha, majani ya maboga, papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa huupa mwili vitamini A, ambayo ngozi ikiikosa hukauka na kukwaruza. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo.

3. Mapera na machungwa yana vitamini C, isaidiayo vidonda kupona.

4. Parachichi na karanga zina vitamini E, ilindayo ngozi.

Mafuta ya kupaka hulainisha ngozi kwa nje tu. Hayazibi pengo la chakula. Mwenye dalili za pelagra apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Maswali ya kujadiliwa katika vyama vya msingi:

(a) Ni kaya ngapi chamani mwetu zinazokula ugali bila maharage?

(b) Chama kiwasaidieje kupata mbegu kabla ya mvua?