Wakija Kupima Moshi Nyumbani Kwako

Mama, baba: kwenye vilima vya Masisi na misitu ya Walikale tunapika kwa kuni na makala. Maharagi huchemka saa nyingi, na baridi ya Masisi inatufanya tufunge mlango mapema, moshi ukibaki ndani na mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Isitoshe, upepo mara nyingi husukuma moshi wa volkano za Nyamulagira na Nyiragongo kuelekea Masisi. Kujua kipi kinatoka jikoni na kipi kinatoka mlimani, lazima kupima.

Jirani zetu wa Kayonza, Rwanda, walishapimwa, katika utafiti uitwao HAPIN uliofanyika pia India, Peru na Guatemala. Wajawazito wapatao 3,200 waliandikishwa kuanzia 2018, na nusu yao wakapewa jiko la gesi. Moshi waliovuta ulipungua sana, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Wengi hawakulitarajia jibu hilo; limepatikana kwa sababu kina mama walikubali kupimwa.

Watafiti wakija kwako nawe ukikubali, utavaa kifaa kidogo karibu na kifua, kwa kawaida mchana na usiku mzima. Kinavuta hewa na kunasa vumbi laini la moshi. Pika kama siku zote. Ukihamia jiko la jirani ili nyumba yako ionekane safi, kipimo kimeharibika.

Tumeandikishwa mara nyingi, hasa waliokimbia vita, kwa ajili ya jetoni ya chakula au turubai. Orodha ya utafiti si orodha ya msaada. Kukubali hakukuongezei mgao, kukataa hakukunyimi dawa. Anayekwambia vingine anakudanganya. Mpeleke kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya.

Uliza bila aibu. Nani amewatuma? Iko wapi barua ya kamati ya maadili ya utafiti? Kifaa kinarekodi sauti? Kinaonyesha mahali ninapolala? Hili la mwisho lisipuuzwe: kwetu, karatasi inayoonyesha familia inalala wapi ni ya kulindwa kama mtoto. Wakueleze kwa lugha unayoielewa, iwe Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili, na wakuachie muda wa kufikiri. Chifu anaweza kuwaruhusu kuingia kijijini, lakini hawezi kukubali kwa niaba yako, wala mume hawezi kumkubalia mkewe. Ukichoka katikati, vua kifaa, sema umeacha. Na matokeo wayarudishe kijijini. Dai hilo kabla ya kuweka sahihi.

Watafiti wawe wamefika au hawajafika, usiku huu toa mbabula nje ya chumba cha kulala. Makala yanayoonekana kuwaka bila moshi hutoa gesi isiyo na harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini.