Ukali wa Ndimu na Ukali wa Majivu

Ukionja ndimu, ulimi wako unakuambia mara moja kwamba ni kali. Uchachu huo unatoka kwa asidi. Asidi imo katika siki, katika maziwa yaliyoganda, na katika tumbo lako mwenyewe, ambamo inasaidia kuvunja chakula na kuua vijidudu vingi.

Lakini kuna ukali wa namna nyingine. Shika kwa vidole maji yaliyochujwa katika majivu: yanateleza. Ndani yake mna besi. Sabuni nayo ina besi kidogo. Soda kali ya kutengenezea sabuni ni besi yenye nguvu sana. Kwa nini inateleza? Kwa sababu inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Ndiyo kusema imekwisha kuanza kukula.

Ulimi si chombo cha kupimia vitu hivi. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Denmark, Søren Sørensen, alitoa kipimo cha namba kiitwacho pH, toka 0 mpaka 14. Maji safi ni 7. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi. Ndimu ni kama 2, sabuni ya kipande ni 9 au 10, soda kali iliyoyeyushwa ni 13 au zaidi. Na usidhani kwamba 10 na 13 ni jirani! Kila hatua ni mara kumi. Hatua tatu ni mara elfu moja. Damu yako inakaa kati ya 7,35 na 7,45 tu.

Ukitaka kuona kwa macho, chemsha maua mekundu ya ngai-ngai, ugawe maji yake katika vikombe viwili. Tia ndimu katika kimoja: yanabaki mekundu. Tia maji ya majivu katika kingine: yanageuka, karibu kijani. Kisha mwaga yote.

Sasa, ninyi mama na baba mnaopika sabuni, sikilizeni. Soda iliyoyeyuka inafanana na maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hachagui. Ikipita kooni inachoma ndani sana. Baada ya majuma machache kovu linaweza kuziba njia ya chakula. Msiiweke kamwe katika chupa ya limonadi.

Mtoto akiinywa, usimpe ndimu eti asidi ishinde besi: zikikutana zinatoa moto, na kidonda kinaongezeka. Usimpe mafuta. Usimtapishe, maana itamchoma mara ya pili. Msukutue kinywa kwa maji, umlete hospitali saa ileile. Ikimwagika juu ya ngozi au jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, ndipo uje. Chukua na kopo la soda, munganga alione.