Ukifika Penye Kaburi la Kale, Usitazame Mawe Peke Yake

Barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, kaskazini mwa Kenya, inapita karibu na nguzo nyeusi za basalti zilizochomekwa ardhini, nyingine zimeinama, nyingine bado wima. Wageni wengi husimamisha gari, hupiga picha, huondoka. Waturkana husimulia kwamba hao walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe, na juu ya baadhi ya nguzo utaona vijiwe vilivyowekwa na wapita njia. Anayejua kusoma mahali kama hapa hukaa zaidi, na muda mwingi huzipa nguzo mgongo: anatazama milima, mikondo ya maji na upande liliko ziwa.

Nguzo za namna hii ziko sehemu kadhaa kuzunguka Ziwa Turkana: Kalokol na Lothagam upande wa magharibi, Jarigole upande wa mashariki. Zilisimamishwa takriban miaka 5000 hadi 4000 iliyopita na wafugaji wa kwanza kufika pande hizo, wakati ziwa lenyewe likipungua. Kabla ya hapo mvua ilikuwa nyingi mno, na maji yalipanda makumi ya mita juu ya kiwango cha leo hadi yakafurika kuelekea bonde la mto Nile. Watu wa ufukweni waliishi kwa samaki, na vyusa vyao vya mfupa vimepatikana Lothagam. Mvua ziliporudi nyuma, maji nayo yakarudi nyuma. Nchi kavu ikajitokeza, mbuzi, kondoo na ng'ombe wakaingia, na watu wakalazimika kuhamahama kufuata malisho yasiyotabirika. Ni katika misukosuko hiyo ndipo walipoanza kujenga makaburi makubwa ya pamoja. Mtu asiyejua habari za ziwa hawezi kuyaelewa.

Chukua kaburi la Lothagam Kaskazini, ambalo matokeo ya uchimbaji wake yalichapishwa mwaka 2018 na timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand. Lilitumika kati ya miaka 5000 na 4300 hivi iliyopita. Wajenzi walitengeneza jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wakachimba shimo kubwa katikati, na humo wakazika watu wasiopungua 580, mmoja karibu ya mwingine, kizazi baada ya kizazi. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, kisha wakasimamisha nguzo juu yake. Waliozikwa ni wanaume na wanawake, wachanga na wazee. Karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, vitu vya pembe. Mmoja alizikwa na pambo la kichwani lililotungwa kwa meno 405 ya panya wadogo wa jangwani, meno ya mbele yaliyotoka kwa wanyama wasiopungua 113. Hebu fikiria subira iliyohitajika kuwanasa wote hao, kung'oa meno na kuyapanga! Hata hivyo hakuna kaburi la mtawala lililotengwa pembeni. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote pale, kwa maana tumezoea kudhani kwamba kazi kubwa ya mawe lazima iwe na mfalme nyuma yake.

Sasa, ukifika mahali kama hapo, anza na maji. Muulize mwenyeji mto wa msimu unapita wapi na ziwa lilikuwa linafika wapi zamani. Halafu tafuta mawe yalikotoka. Baadhi ya nguzo za Lothagam zilitolewa umbali wa hadi kilomita moja. Tembea kidogo kuelekea miamba iliyo karibu ukiwa na swali hilo kichwani, utaanza kuhisi idadi ya mikono iliyohitajika. Kisha zunguka eneo lote kwa mbali. Pale Lothagam kuna miduara ya mawe na marundo madogo kandokando ya jukwaa, na mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye nguzo huyakanyaga bila kujua. Mwisho simama ujiulize: kutoka hapa naona nini, na ni nani angeweza kupaona hapa akiwa safarini na mifugo yake? Kwa watu waliotawanyika, mahali panapoonekana na kukumbukwa kwa urahisi pangefaa sana kukutania.

Katika kutafuta maana ya mandhari, usikimbilie nyota. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba nguzo za Kalokol zilipangwa kufuata nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana. Habari ilienea sana. Baadaye Robert Soper alipima upya na kuonyesha kwamba basalti ya nguzo hizo ina sumaku, hivyo dira ikisogezwa karibu nazo hupotoka. Dira ya simu yako nayo itakudanganya. Ukitaka kujua pande za dunia, pima ukiwa mbali na mawe, au fuata jua.

Asiyeweza kufika Turkana anaweza kujifunza namna hiyohiyo Hyrax Hill, Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na ambako leo kuna makumbusho. Panda kilimani utazame Ziwa Nakuru lilivyo mbali, ukijua kwamba maji yaliwahi kufika chini ya kilima hicho. Tanzania nayo ina viduta vya mazishi ndani ya kreta ya Ngorongoro.

Popote uendapo, chukua kiongozi wa eneo hilo, nenda asubuhi au alasiri wakati jua la pembeni linaonyesha mistari ya mawe ambayo jua la utosini huificha, na acha gari mbali. Usiinue jiwe, usiokote ushanga hata uwe umelala juu ya mchanga: ukishaondolewa pale ulipolala, umepoteza nusu ya habari zake. Usisogeze hata vile vijiwe vya wapita njia, maana ni desturi ya watu walio hai.

Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba bila leseni, na inamtaka aliyegundua kitu cha kale aitaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Ukiona rundo la mawe linalotiliwa shaka wakati wa kuchimba kokoto au kulima barabara, simamisha kazi hapo. Piga picha ya rundo, kisha nyingine ya mandhari kwa pande zote nne. Andika jina la kijiji, mto wa karibu na kilima kinachoonekana, na uandike pia wenyeji wanapaitaje.