Mikaratusi Yangu Ina Vinundu, ya Shemeji Haina

SWALI: Mimi ni mkulima wa Getanuwas, Hanang. Nimepanda mikaratusi mpakani mwa shamba. Miche niliyonunua imejaa vinundu kwenye majani na imedumaa. Michache niliyopewa na shemeji, safu hiyohiyo na udongo uleule, ni mizima. Wapo wanaosema nimerogwa. Nipulizie dawa gani?

JIBU: Weka bomba chini kwanza.

Vinundu kwenye mshipa mkuu wa jani na kikonyo chake ni dalili ya nyigu mdogo wa milimita moja na ushee, Leptocybe invasa, mwenye asili ya Australia kama mkaratusi wenyewe. Kenya na Uganda walimwona 2002, Tanzania 2005. Hutaga ndani ya jani changa, na mtoto hukulia humo. Dawa ya kupulizia haimfikii. Utaishia kuua nyuki.

Mikaratusi ikisimama bega kwa bega, mmoja huugua na mwingine husalimika kwa sababu vinasaba vinatofautiana. Mikaratusi ya aina ya camaldulensis na baadhi ya machotara yake hushambuliwa sana, lakini hata humo imo inayohimili. Kwa barua tu siwezi kuapa, ila nashuku miche yako ilitoka kwa mti mama mmoja, au ni kloni, yaani nakala za mti mmoja: nyigu akiuweza mmoja, ameiweza yote.

Si mikaratusi peke yake. Huko Marekani, Thomas Whitham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona walichunguza mipopla ya kando ya mito. Nasaba ya mti ilichangia kuamua wadudu gani wataishi juu yake, hata majani yake yataoza upesi kiasi gani yakianguka, kwani tanini za majani hazilingani kati ya mti na mti.

Iliyodumaa kabisa ing'oe uichome, na usihamishe miche yenye vinundu kwenda kwingine. Kabla ya kununua mingine, uliza mbegu imetoka wapi. Muuzaji akibabaika, ondoka. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, huuza mbegu zenye asili inayojulikana. Ukikusanya mwenyewe, usichume kwenye miti ya shemeji tu, japo inatamanisha: mdudu mwingine akija, huenda hiyo ndiyo ikawa chakula chake. Chuma kwenye miti mingi mizima, iliyoachana mita mia hivi.

Tawi moja lenye vinundu mpelekee ofisa misitu wa wilaya, Katesh. Jingine litie kwenye chupa ya kioo, ufunge kwa kitambaa chepesi. Vinundu vikiwa vimekomaa, nyigu watatoboa na kutoka. Anayesema umerogwa mwachie chupa hiyo aitazame.